Majagi Mia Tano

Jumatatu, 9 Machi

Mke wangu ameondoka leo kwa basi la saa mbili asubuhi. Binti yetu amejifungua pacha, na pacha hawana mchezo, kwa hiyo mama yake ameitwa akashike mmoja wakati mwingine ananyonya. Ni safari ya siku mbili. Atakaa wiki sita.

Pale kituoni alinipa maagizo ya bustani yake. Nasema bustani, lakini ni makopo saba ya rangi aliyoyatoboa chini kwa msumari na kuyapanga kwenye roshani: mrehani, mnanaa, giligilani, mchaichai, rozmari, vitunguu majani, na la saba ambalo sijui lina nini. Aliongea kwa kirefu, kashika mlango wa basi, utingo anampigia kelele apande.

"Mambo matatu tu, Bwana Mita," akasema. Ndivyo anavyoniita akitaka nimsikilize. "Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Kusema kweli nilisikia neno maji. Mengine mawili yalimezwa na honi. Haidhuru. Nimesoma mita za maji miaka thelathini na moja, na kama kuna kitu ninachokijua duniani ni maji.

Naandika haya kwenye daftari la kazi lililobaki tangu nistaafu. Lina safu tatu: tarehe, usomaji, maelezo. Kwenye maelezo tulikuwa tunaandika kilichotuzuia kusoma. Mbwa. Geti limefungwa. Mita imezama. Nitaandika kila siku mpaka arudi, ili akague kazi.

10 Machi

Mvua za kwanza. Roshani ina paa, hivyo mvua haifiki kwenye makopo. Nimemwagilia.

11 Machi

Amefika salama. Anasema pacha wamefanana na mimi, maskini ya Mungu.

13 Machi

Sikujua friji yetu inaguna. Miaka yote hii nilidhani ni mke wangu.

15 Machi, Jumapili

Tumekubaliana atapiga kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Kapiga. Kaniuliza bustani.

"Imestawi."

"Unafuata nilivyokwambia?"

"Neno kwa neno."

Kacheka. Nyuma yake pacha mmoja alikuwa analia, halafu wa pili akampokea. Nilisikiliza mpaka simu ikakatika.

18 Machi

Leo nina la kueleza.

Kazi yangu ilikuwa ya kuingia nyumba za watu mikono mitupu. Ukibisha hodi, mtoto anachungulia, anapiga kelele ndani: "Mama, yule wa maji!" Hapo redio inazimwa na watu wanapunguza sauti kama kuna mgonjwa. Hakuna aliyewahi kufurahi kuniona. Nilikuwa na kalamu, daftari na tochi, na hakuna hata kimoja nilichomletea mwenye nyumba. Kwa hiyo nikajiwekea sheria: nikienda kwa mtu kwa hiari yangu, sitaenda mikono mitupu hata kama ni mkate tu. Mke wangu anajua. Hata kumwona jirani aliyevunjika mguu ghorofa ya juu, hatua kumi na nane tu za ngazi, nilibeba machungwa.

Sasa, leo nilikuwa nimekaa jikoni, chai imepoa, hamu ya kuzungumza imenishika. Nikasema niende roshani nikawasalimie wale wa makopo. Nimefika mlangoni nikajikuta nimesimama. Nawaendea wenyeji bila chochote? Nikarudi, nikajaza jagi, nikaenda nalo. Kila mmoja alipata chake, tukazungumza. Niliwaambia habari za pacha.

Mtu akisoma haya atasema mzee amechanganyikiwa. Lakini nilirudi jikoni nimechangamka, nikanywa ile chai iliyopoa.

19 Machi

Nimewatembelea wale wa roshani mara nne.

22 Machi, Jumapili

Simu ya dakika tano. Pacha wana mafua.

24 Machi

Yule wa kopo la saba nimempa jina, Mgeni. Majani yake ni mapana, yana vinyweleo, hayana harufu ninayoijua. Anakua kuliko wote. Nadhani ni dawa ya kitu fulani. Mke wangu hapandi upuuzi.

Mkate na mayai. Jana pia mkate na mayai.

29 Machi, Jumapili

"Unakula?" kaniuliza.

"Nakula."

"Unakula nini?"

"Chakula."

Hakuuliza zaidi. Nilimwambia Mgeni anaongoza darasa. Akasema, "Mgeni ndiye nani?" nikamwambia ni yule wa kopo la saba. Kasema anasubiri kumwona.

2 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Saa nne mlango ukagongwa kwa ngumi. Ni dobi wa chini, mama mmoja mwembamba anayefua na kupiga pasi nguo za watu, na kamba yake iko sawasawa chini ya roshani yetu. Kabeba shuka jeupe mikononi, katikati kuna doa la rangi ya chai.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni shuka."

"Naona ni shuka! Nauliza hili doa. Hili ni shuka la tatu wiki hii. Mvua inanyesha upande ule, mimi natiririkiwa upande huu. Huko juu mmefungua kisima?"

Nikamwambia namwagilia bustani ya mke wangu.

"Wakati wa mvua?"

"Roshani ina paa, mama."

Alinitazama kama nilivyokuwa nawatazama watu walioniambia mita yao inakimbia yenyewe. "Mkeo, shoga yangu, alikuwa anamwagilia miaka yote, sijawahi kudondokewa hata tone," akasema, akashuka ngazi.

Simpendi. Ana sauti ya kengele ya shule. Nimeweka masinia chini ya makopo ili maji yasimwagike kwake.

5 Aprili, Jumapili

Kapiga binti, mama yake alikuwa anaogesha. Kasema, "Baba, mama anakusalimia sana." Nami nikasema namsalimia sana. Salamu zimefika pande zote mbili, simu ikakatwa.

7 Aprili

Mrehani umetoa maua! Vishada vyeupe, vidogo, virefu kama kidole. Nyuki watatu wamekuja. Mke wangu amekuwa na mrehani ule miaka minne na sikuwahi kuuona ukitoa ua hata moja. Mimi nimeushika mwezi mmoja tu.

Sitaki kujisifu, lakini nitajisifu Jumapili.

12 Aprili, Jumapili

Nimejisifu.

"Mrehani umetoa maua," nikamwambia. "Mpaka juu. Nyuki wanapanga foleni."

Nilitegemea atashangilia. Alinyamaza. Nilisikia mtoto akikohoa, nikasikia sufuria ikiwekwa chini. Kimya kikawa kirefu mpaka nikadhani mtandao umeondoka.

"Upo?"

"Nipo. Umetoa maua mengi?"

"Mengi sana."

"Na mnanaa?"

"Umerefuka, umefika kwenye nondo za roshani."

"Aha," akasema. Halafu akasema binti anaomba aongeze wiki tatu, mmoja wa pacha haongezeki uzito vizuri. "Wewe unasemaje?"

"Mimi? Hakuna shida."

"Kweli?"

"Kaa tu. Huku mambo shwari."

Nimefikiri baadaye kwamba kama bustani ikisifika sana huenda akatamani kuja kuiona. Kwa hiyo nikirembesha maneno kidogo si uongo. Ni kumvuta.

13 Aprili

Wiki tatu ni siku ishirini na moja.

16 Aprili

Giligilani imelala chali. Nimeipa maji. Nimerudi baada ya saa moja, bado imelala, nimeongeza.

19 Aprili, Jumapili

Leo ndiyo ingekuwa siku yake ya kurudi. Nilikuwa nimeizungushia duara kwenye kalenda ya ukutani na sikufuta, kwa hiyo imenitazama tangu asubuhi. Kwenye simu nimesema giligilani imekuwa msitu.

20 Aprili

Rozmari imegeuka rangi ya udongo kuanzia chini. Nimeiwekea kiti karibu, nimekaa nayo. Nimezungumza nayo juu ya bwawa la mji tulikokuwa tukichota maji wakati wa ukame, jinsi tulivyogawa kwa zamu. Maji majagi matatu.

23 Aprili

Mvua.

24 Aprili

Mvua. Giligilani imekufa. Nimeitoa kwenye kopo, mizizi imekuwa uji mweusi unaonuka. Nimeifunga gazetini na kuishusha kwenye pipa kabla dobi hajafungua mlango. Nilijiona kama mwizi.

26 Aprili, Jumapili

"Giligilani?"

"Imestawi."

"Rozmari?"

"Imestawi."

"Mbona unasema yote kwa neno moja?"

"Ndilo neno lake."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi naona yangu inarefuka kila Jumapili.

29 Aprili

Mkate na mayai. Suruali ya kijivu inahitaji tundu jipya la mkanda.

1 Mei

Rozmari imekwenda. Mchaichai na mnanaa vimeoza kwenye shina. Mrehani umemwaga majani yote, yamebaki yale maua yaliyokauka juu ya vijiti. Nimewapa maji. Sijui kingine cha kuwapa.

3 Mei, Jumapili

Siku saba nyingine tutakuwa tumekamilisha, nikajisemea, nisimtie wasiwasi mtu aliye karibu kurudi. Nikasema yote yamestawi.

7 Mei

Nimefagia nyumba nzima. Nimefua mapazia. Nimetoa shati lake la kupikia lililokuwa nyuma ya mlango wa jikoni ili nilifue, nikalirudisha bila kulifua. Lina harufu ya mrehani kwenye mikono.

10 Mei, Jumapili

Nimesubiri simu tangu saa tano. Nilikuwa nimekwisha kuuliza ratiba ya mabasi.

Kaanza kwa kusalimia nyumba, majirani, goti langu. Halafu akasema binti anarudi kazini mwezi ujao na hawajapata yaya wa kumwamini. Wamezungumza yeye na mkwe wetu. Wanaomba abaki mpaka Desemba.

"Mpaka Desemba," nikasema.

"Kuna mama mkwe wake pia, kila siku anapiga simu anataka na yeye zamu ya kulea. Lakini binti anaona mimi nimezoea. Wewe huko naona umestawi kama hiyo bustani. Kwa hiyo wewe unasemaje?"

Nilikuwa nimesimama mlango wa roshani. Mbele yangu kulikuwa na makopo saba, manne ni udongo mtupu uliotuama maji. Mdomo wangu ukafunguka.

"Hakuna shida," nikasema.

"Sawa, Bwana Mita," akasema taratibu. "Nitawajibu wiki mbili hizi."

11 Mei

Nimekaa kwenye kiti chake leo, kile cha kushonea, nikajaribu kufikiri kwa mpangilio.

Tumeoana miaka thelathini na sita. Katika miaka hiyo sikumbuki kumwambia nina njaa, maana chakula kilikuwa kinafika kabla ya njaa. Sikumwambia nina baridi, nilikuta sweta limewekwa kitandani. Nilipostaafu na kukaa siku tatu bila kuoga, hakuniuliza kitu, alinipeleka sokoni kubeba makopo ya rangi na mifuko ya udongo. Nilidhani ananipa kazi ya punda.

Mimi ndiye niliyekuwa nagonga mageti ya watu. Nyumbani kwangu sijawahi kugonga, mlango ulikuwa wazi siku zote.

Sitaki abaki mpaka Desemba. Naliandika hapa maana mdomoni limekataa kutoka. Nyumba hii siiwezi. Naamka, nakunja upande wangu wa shuka tu, upande wake umekunjwa tangu Machi. Nawasha redio jikoni nikiwa chumbani ili nisikie mtu yuko jikoni. Mimi, niliyewahi kucheka wajane.

12 Mei

Maelezo: geti limefungwa.

13 Mei

Leo kaja msoma mita. Ni binti mrefu, ana tochi nzuri kuliko tulizopewa sisi, na kifaa cha kubonyeza badala ya daftari. Mita za jengo zima ziko kwenye sanduku chini ya ngazi. Nilikuwa napita na takataka, nikasimama kumwangalia, maana mazoea yana taabu. Mkono wake ni mwepesi. Alipofika kwenye mita yetu akarudia mara mbili.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye wa ghorofa ya pili?"

"Marahaba. Ndiye."

"Mama amerudi? Dobi aliniambia amesafiri."

"Bado."

"Una wageni?"

"Sina hata nzi."

Akanionyesha kioo cha kifaa chake. "Mlipokuwa wawili mlikuwa mnasoma yuniti sita kwa mwezi, kila mwezi, kama mmepimiwa. Mtu mmoja ni tatu. Mwezi huu nasoma nne. Kagua choo, mzee, kuna kitu kinavuja humo ndani."

Kinyozi hajinyoi. Miaka thelathini na moja nimewaambia watu maneno hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo, na sikuwahi hata siku moja kushuka kusoma ya kwangu. Nikamshukuru. Nikamwuliza kama anakunywa chai. Akasema hairuhusiwi, kama nilivyokuwa nasema mimi.

Nikapanda, nikakagua choo. Kikavu. Nikakagua mabomba yote. Makavu. Halafu nikaketi na kalamu.

Yuniti moja ni lita elfu moja. Jagi letu ni lita mbili. Lita elfu moja ni majagi mia tano. Mia tano kwa siku thelathini ni majagi kumi na sita kwa siku, na yanabaki.

Nilihesabu tena nikitumaini nimekosea. Sikukosea. Mara kumi na sita kwa siku nimeinuka kwenye kiti hiki, nikajaza jagi, nikaenda kuzungumza na makopo. Mvua inanyesha mji mzima na mimi nawazamisha viumbe wa watu kwa kuwa siwezi kwenda kusalimia mikono mitupu. Hakuna kinachovuja nyumba hii isipokuwa mimi.

Nimelia. Naandika kwa kuwa ni safu ya maelezo na maelezo lazima yawe ya kweli.

14 Mei

Nimeshuka kwa dobi kuomba radhi kwa mashuka. Nimembebea Mgeni, kopo zima, ndiye pekee mwenye afya niliyebaki naye.

Alifungua mlango akiwa na pasi mkononi. Akanitazama, akatazama kopo, akaweka pasi pembeni.

"Hii nini?"

"Zawadi. Kwa ajili ya yale mashuka. Ni dawa, ila sijui ya nini."

Akakata jani, akalisugua, akanusa. Halafu akaanza kucheka, akashika ukuta, akacheka mpaka akakaa kwenye kapu la nguo.

"Mzee wangu! Hili ni gugu!"

"Gugu?"

"Gugu la njiani! Shoga alikuwa analing'oa kila wiki. Hilo kopo la saba halina kitu, alikuwa amelimwaga apande upya akirudi."

Nikamwambia nimelilea miezi miwili. Hapo akacheka tena, na mimi nikacheka, kicheko changu cha kwanza tangu Machi kilichopata mwenzake. Akaniondolea nguo kwenye kiti nikakaa. Sijui kwa nini nilimwona ana sauti ya kengele. Ni sauti ya mtu anayefanya kazi peke yake siku nzima.

Nikamsimulia yote, giligilani, rozmari, majagi. Akawa anatikisa kichwa. Nikamwambia angalau mrehani ulitoa maua kwanza, mpaka mke wangu nilimwambia.

Akaacha kutikisa kichwa. "Ulimwambia mrehani umetoa maua?"

"Nilijisifu kabisa."

"Mzee, mrehani hutoa maua ukiachwa. Ukiwa unakatwa kila siku kwa ajili ya chungu hauna nafasi ya kutoa maua. Mnanaa hivyo hivyo. Mwanamke akisikia mrehani wake una maua anajua jambo moja tu. Jikoni kwake hakupikwi."

Nikakumbuka kile kimya cha Aprili, na sufuria iliyowekwa chini. Alijua siku ile. Kila Jumapili niliyosema nakula, alijua.

Dobi akaingia ndani, akarudi na kijiti cha mnanaa chenye majani manne ndani ya glasi ya maji, mizizi myeupe imeshaanza. "Huu ni mtoto wa ule wa kwenu. Mkeo alinipa kipande mwaka juzi. Panda. Na nakuomba, tia kidole kwenye udongo kwanza. Kidole kikitoka kikavu ndiyo unamwagilia. Kikitoka na udongo, unarudi zako kwenye kiti."

"Na nikitaka kuzungumza?"

"Ukitaka kuzungumza, shuka. Mimi sihitaji maji."

15 Mei

Nimepanda. Kidole kimetoka na udongo. Nimerudi zangu kwenye kiti.

17 Mei, Jumapili

Nilijiandaa. Niliandika maneno kwenye karatasi, nikayasoma kwa sauti mbele ya friji. Simu ikalia, ni binti. Mama yake kapeleka pacha mmoja hospitali kupimwa uzito na foleni ni ndefu.

"Una ujumbe, Baba?"

Nilitazama karatasi. Ujumbe ule si wa kumpa mtoto akaubebe.

"Mwambie nimempigia," nikasema.

"Lakini mimi ndiye niliyepiga."

"Mwambie hivyo hivyo."

18 Mei

Nimepita kwa muuza miche kando ya barabara. Ana mrehani mzuri, rozmari nzuri, giligilani ya kutosha. Kwa nusu saa ningejaza makopo yote na asingejua mtu. Nikashika kopo la rozmari, nikalirudisha. Nimeondoka na karoti.

20 Mei

Vitunguu majani vilibaki viwili. Nimevikata, nimevitia kwenye mayai. Hayakuwa na chumvi ya kutosha, yaani mayai. Nimekula sahani nzima nikiwa nimekaa mezani.

22 Mei

Nimeshuka kwa dobi. Nilikunja foronya, yeye akapiga pasi mashati. Anasema nakunja vizuri kwa mwanamume. Mvua zinapungua.

24 Mei, Jumapili

Nitaandika kama yalivyosemwa, nisije nikarembesha.

Kapiga saa nane. Nikamwambia, "Kabla hujasalimia, ngoja. Nimeua bustani yako."

"Yote?" akauliza.

"Yote. Giligilani tangu Aprili. Rozmari, mchaichai, mnanaa, mrehani. Nimeizamisha. Nilikuwa naenda kuzungumza nayo na sikuweza kwenda mikono mitupu, nikawa nabeba maji. Majagi mia tano kwa mwezi, mita imesema. Kopo la saba nimelea gugu. Na sili. Nakula mkate na mayai. Nilikwambia imestawi nikidhani utatamani kuja kuiona."

Karatasi ilikuwa mkononi lakini nilikuwa sioni maandishi.

"Umeniuliza mara mbili nasemaje. Nasema hivi. Sitaki Desemba. Siiwezi nyumba hii bila wewe. Kuna shida. Rudi."

Nilisikia akivuta pumzi. Nilisikia pacha akilia na mtu akimchukua. Akasema, "Miaka thelathini na sita nakujua njaa yako, baridi yako, usingizi wako. Sijawahi kuambiwa. Mrehani ulipotoa maua nilifunga mzigo, mzee. Ulikuwa mlangoni. Nikasema hapana, safari hii nataka nisikie kwa mdomo wake."

"Ungeniacha mpaka Desemba?"

"Sijui. Nilikuwa naogopa kwamba ndiyo."

Nikamwuliza yale mambo matatu ya kituoni yalikuwa yapi, maana mimi nilishika maji.

"Maji kidogo. Kata. Ule," akasema. "Wewe ukachukua moja, nalo ukaliacha nusu." Sauti yake ilikuwa inacheka na kulia kwa pamoja. "Mama mkwe wa binti anatamani hii zamu kuliko peponi, nitamwachia. Huko kumebaki nini?"

"Mnanaa mmoja. Katoa dobi, ni mtoto wa ule wako. Una majani manne."

"Usiumwagilie," akasema. "Nakuja."

25 Mei

Sijaumwagilia.

26 Mei

Nimetia kidole. Kimetoka na udongo. Nimeshuka kwa dobi.

27 Mei

Amepanda basi asubuhi. Majani sita. Jua la kwanza la siku nzima.

28 Mei

Kidole kimetoka kikavu. Nimeumwagilia, nusu kikombe.

Basi linafika kesho saa nne. Tangu asubuhi nimekuwa nazunguka nyumba nikitafuta nimpelekee nini kituoni. Nimefikiria machungwa. Nimefikiria kukata jani moja la nanaa nilifunge kwenye leso, nikaona ni kuutesa mche. Nikatoa hata mwavuli wake, na mvua zimekwisha.

Nitaenda mikono mitupu. Atakuwa na mizigo.